Kikao Kilichohamia kwa Mama Birika

Chuo chetu kina Baraza la Wafanyakazi, na ndani ya Baraza hilo kuna kiti chetu. Tuliambiwa siku ile ile tuliyoajiriwa, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha kaburi la babu yako. Wahadhiri wana viti vyao, maofisa wana vyao, na sisi wa jikoni, wa mafagio, wa mabomba na wa getini, tunaoitwa kwa jumla wafanyakazi wa huduma, tuna kimoja. Kiko mwisho wa meza, karibu na mlango. Kwa miaka mingi kimekaliwa na mikoba ya wajumbe na, msimu wa mvua, miavuli.

Si kwamba hatukukitaka. Baraza hukutana adhuhuri, na adhuhuri ndiyo saa wanafunzi wa chuo kizima wanapojipanga bwaloni na sahani zao kama watu waliotoka jangwani. Mwambie mpishi aache mwiko aende kuzungumzia ustawi wa mpishi, uone. Wali utaungua, na ataitwa kujieleza mbele ya Baraza hilo hilo.

Ndipo tukaletewa Afisa Ushirikishwaji. Dada mwenyewe mwema, hana neno na mtu, anacheka na kila mmoja mpaka na paka wa stoo. Alibandika mabango kila ukuta: SAUTI YAKO, CHUO CHAKO. Kisha akatuitia semina ya kutuhamasisha. Semina ilihitaji viti, tukavibeba sisi. Ilihitaji ukumbi uliopigwa deki, tukaupiga sisi. Ilihitaji chai, na chai ya chuo kile ni ya mtu mmoja tu, Mama Birika, aliyeichemsha, akaileta, akaimimina, kisha akaambiwa, "Kaa, mama, hii ni yako."

Akakaa. Akalala hapo hapo, kichwa begani kwangu.

"Nyinyi mna sauti!" Afisa akasema kwa furaha.

"Sauti tunayo, dada," akajibu Fundi Bomba kutoka nyuma. "Koo ndilo limekauka."

Tukacheka, na yeye akacheka, akaandika ubaoni neno KOO akalizungushia duara. Hadi leo sijui alikusudia kulifanyia nini. Semina ilipokwisha tulirudisha viti, tukapiga deki tena, tukatoka kazini tumechelewa, tumehamasika kweli kweli.

Habari yenyewe ilitufikia siku chache baadaye. Usiniulize ilitokea wapi. Mtu anayekata vitunguu kando ya dirisha la ofisi hutumia mikono tu, masikio yanabaki huru. Msajili wa chuo, bwana mmoja mkavu anayetembea kana kwamba sakafu ni yake na tunamchakazia, alikuwa na pendekezo. Zamu yetu ya asubuhi, inayoanza saa kumi na mbili, irudishwe nyuma ianze saa kumi na moja, ili wahadhiri wakute madarasa yamekauka. Na kanuni za Baraza zinasema hivi: jambo likipita huku kiti cha wahusika kiko wazi, huhesabiwa kwamba wahusika hawakuwa na pingamizi.

Nilipolitoa hilo jikoni, kila mtu aliguna kwa shida zake. Mlinzi akalalamikia mbwa wa njiani, dobi akalalamikia mume. Mama Birika pekee hakuguna. Aliweka chini birika alilokuwa akilisugua.

Sote tunajua kwake. Mama yake mzazi alipatwa na kiharusi, upande mmoja wote umelala, na hakuna mwingine wa kumtazama. Kila alfajiri Mama Birika humgeuza, humwogesha, humbadilisha shuka, humlisha uji kijiko kwa kijiko, kisha humkalisha karibu na dirisha. Kukishapambazuka jirani huchungulia, na Mama Birika huyo kazini mbio. Saa hiyo moja ikiondolewa, bibi wa watu atalala kwenye shuka mbichi mpaka mchana.

"Basi nenda kakalie kile kiti," Fundi Bomba akamwambia.

"Mimi? Shemeji, una wazimu? Mimi ndiye ninayewapelekea chai."

Anamwita shemeji kwa kuwa Fundi aliwahi kutaka kumwoa dada yake Mama Birika, ambaye sasa kaolewa mbali. Ndoa haikuwapo, ushemeji ukabaki.

"Ndiyo maana. Wewe njia unaijua. Sisi wengine tutapotea."

"Nitasema nini mbele ya watu waliosoma?"

"Sema unachosema hapa kila siku," nikamwambia. "Ila matusi punguza."

Tukamchagua papo hapo, kwa kugonga sufuria. Kura yoyote ya kupinga, kama ilikuwapo, haikusikika. Bwaloni tukaahidi kuziba nafasi yake. Nami nikajitolea kubeba trei ya biskuti siku hiyo, kwa upendo tu, maana nisingekubali kusimuliwa.

Sasa, kuna desturi moja ya Baraza ambayo haimo kwenye kanuni lakini ina nguvu kuliko kanuni zote. Kikao hakifunguliwi mpaka kila mjumbe awe na kikombe chake cha chai. Mwenyekiti, mhadhiri wa somo la uongozi, hugonga kikombe kwa kijiko, ting ting, na hapo ndipo kikao kimeanza. Kabla ya ting ting lolote unalosema ni umbea. Waliianzisha wazee wa zamani, na hakuna aliyewahi kuihoji, kwa sababu chai haikuwahi kuchelewa.

Siku ya siku Mama Birika akaingia na gauni lake la kwendea harusi za watu na birika mkononi. Mazoea yana taabu. Miguu yake ilimpeleka moja kwa moja kwa Msajili, akaanza kumimina.

"Tuhakiki mahudhurio," Mwenyekiti akasema. "Mwakilishi wa wafanyakazi wa huduma?"

"Hayupo," akajibu Msajili, huku akipokea kikombe kutoka mkononi mwake. "Kama kawaida. Sukari, mama, ongeza."

"Nipo," akasema Mama Birika.

"Ndiyo, mama, tunakuona. Tunamtafuta mwakilishi."

"Ndiye mimi."

Wajumbe wakamtazama, kisha wakalitazama birika, kama watu walioona kiatu kinajibu salamu. Msajili akafungua kanuni zake. Akasoma, kwa masikitiko makubwa, kwamba mtu anayekihudumia kikao hahesabiwi kuwa amehudhuria kikao.

"Kwa hiyo nikimimina, sipo?"

"Kikanuni, hupo."

"Na nisipomimina?"

"Hapo... utakuwepo."

Mama Birika akaenda mwisho wa meza. Akaondoa mikoba kwenye kiti, mmoja mmoja, akaiweka sakafuni kwa adabu. Akakaa. Birika akalipakata mapajani kama mtoto, kwa sababu hakuambiwa aliweke wapi.

Basi kazi ikawa hapo! Vikombe vyote mezani vikavu ila cha Msajili, Mwenyekiti na kijiko chake hewani. Hakuna chai, hakuna ting ting, hakuna kikao. Mimi nimesimama mlangoni na trei, naomba dunia isimame hapo hapo nifaidi mambo.

"Mwenzako hapo anaweza kumimina," Msajili akaninyooshea kidole.

"Mimi nimetumwa na biskuti tu, bwana mkubwa," nikasema. "Chai si idara yangu."

Wakajadili. Enyi watu, wakajadili! Mmoja akasema kikao kifunguliwe bila chai, wakamtazama kama aliyetukana marehemu. Mwingine akataka kujua, mjumbe akimimina, naye si atakoma kuhudhuria, na wakimimina kwa zamu, nani atabaki? Mwingine akashauri waunde kamati ya chai, wakamwuliza kamati itaundwaje na kikao ambacho hakijafunguliwa. Afisa Ushirikishwaji akainuka kutaka kusaidia, wakamwambia akae, asijishushe. Na Mama Birika? Alikuwa amekaa. Sidhani alikuwa amewahi kukaa mchana kwa muda mrefu kiasi kile, na naona alianza kuupenda uongozi.

Mwishowe Mwenyekiti mwenyewe akazunguka meza, akamwomba birika kwa mikono miwili, akamimina. Akajimwagia mkono, akamwagia hati za Msajili, akamaliza. Ting ting. Nusu ya muda wa kikao ilikuwa imekwenda na maji.

Pendekezo la zamu likasomwa. Msajili akaeleza faida za sakafu kavu. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chuo akageukia ule mwisho wa meza.

"Saa hiyo," Mama Birika akasema, "mimi namwogesha mama yangu."

Nami nikajiambia, ongeza mwanangu, ongeza, mbona jikoni huwa hufungi mdomo? Hakuongeza.

"Hoja nzito," akasema Mwenyekiti, ambaye hoja zote kwake ni nzito, hata ya rangi ya mapazia. "Tuiundie kamati ndogo. Msajili, mwakilishi, na mimi. Tukutane lini?"

Hapo ndipo kamba ilipowafunga wenyewe. Mchana Mama Birika yuko kwenye chai. Jioni Mwenyekiti ana wanafunzi wake wa uongozi. Wikiendi Msajili haguswi. Wakapekua saa za siku nzima kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro, mpaka Msajili akapata.

"Alfajiri," akasema. "Kabla ya kazi. Saa kumi na moja wafanyakazi wa huduma si wana nafasi?"

"Nimeshasema, mkuu. Saa hiyo nina mama."

"Kamati haiwezi kukutana bila mwakilishi wa wahusika," akasema Mwenyekiti, akisoma kanuni iliyolowa chai. "Lakini inaweza kukutana mahali popote."

Afisa Ushirikishwaji akaruka kitini. "Basi iende kwake! Uongozi mashinani! Hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta!"

Msajili akalitazama bango lililokuwa ukutani nyuma yake. SAUTI YAKO, CHUO CHAKO. Yeye ndiye aliyeliidhinisha. Akaandika.

Mimi na Fundi Bomba hatukualikwa, kwa hiyo tulifika mapema. Mama Birika anaishi chumba kimoja na kipande cha ua, nyuma ya mashine ya kusaga. Kitanda cha mama kinashika nusu ya chumba. Nusu iliyobaki kuna jiko la mkaa, karai, stuli, na pazia lililokatiza kwenye kamba. Nilikuja na uji ndani ya chupa ya chai, Fundi akaja na mdomo wake. Nyumba yenye msiba wa kudumu, akasema, haikosi nafasi ya watu.

Mwenyekiti akaja wa kwanza, sweta lake amelivaa ndani nje. Afisa akafuata na simu tayari kwa picha. Msajili tulimsikia kabla ya kumwona. Mbwa mmoja, wa pili, kisha sauti ya mtu mzima anayejadiliana na mbwa. Aliingia kiatu kimoja kikiwa na tope mpaka kifundoni.

"Njia hii haina taa?" akauliza.

"Inazo mchana," Fundi akamjibu.

Nyuma ya pazia bibi akapaza sauti. Upande umelala ule, ulimi uko macho. "Nani hao?"

"Ni Baraza, mama," Mama Birika akasema, mikono imejaa povu.

"Baraza gani lisilojua kupiga hodi?"

Wakatoka nje wote, wakapiga hodi, wakakaribishwa, wakaingia tena. Mwenyekiti akatafuta kikombe cha kugonga, akakosa, akagonga karai.

"Nani ananigongea karai langu? Lete hapa hilo, maji yanapoa!"

Mwenyekiti akampa Msajili, kwa kuwa madaraka hugawanywa. Msajili akapitisha karai kwenye pembe ya pazia, macho ameyaelekeza darini kwa heshima. Kisha likarudi na maji machafu, na mkono wa Mama Birika ukaashiria lijazwe tena. Nilimwona Msajili anatafuta mtu wa kumkabidhi. Akanitazama.

"Mimi idara yangu ni uji," nikamwambia.

Akaenda kuchota mwenyewe. Mwenyekiti tukamwekea jiko alipulize, akapuliza mpaka miwani ikajaa majivu. Kikao kikaendelea hivyo hivyo, huyu anauliza kutoka kwenye moshi, yule anajibu kutoka kwenye karai. Pazia lilipofunguliwa, bibi alikuwa amevikwa nguo safi, anang'aa mafuta, ameegemezwa mito kama bibi harusi. Akawakagua mmoja mmoja, akaishia kwa Msajili.

"Wewe wa karai. Una mama?"

"Ninaye, bibi. Ninakaa naye."

"Mzima?"

"Miguu inamsumbua. Lazima ashikwe."

"Leo kashikwa na nani, nawe uko huku?"

Msajili akajikohoza. "Yupo binti tumemwajiri."

"Alfajiri hii kashafika?"

"Hapana, bibi. Nilimkataza," Msajili akasema, na alikuwa anajivunia kweli, masikini. "Nilimwambia asitoke kwao mpaka kupambazuke. Giza si zuri kwa mwanamke, na naye ana watoto wa kuwaandaa. Kazi ipo tu, haikimbii."

Jiko likatoa cheche. Fundi Bomba akapaliwa na mate, nikambamiza mgongoni, akazidi. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mama Birika alikuwa ameinama anamlisha mama yake, akauacha ule usemi ukae pale chumbani kama mgeni wa sita. Kijiko kikaenda, kikarudi.

"Niyaandike hayo?" akauliza Afisa kwa sauti ndogo.

"Hapana," akasema Msajili haraka. "Hayo ni ya nyumbani. Zamu ni kazi. Ni mambo mawili tofauti."

"Kweli kabisa," akasema Fundi, akijipangusa machozi. "Tusichanganye. Basi tuulize la kazi, mkuu. Funguo za stoo ya mafagio ziko ofisini kwako, na ofisi haifunguliwi na mtu ila wewe. Zamu ikianza saa kumi na moja, atatufungulia nani?"

Msajili akakitazama kiatu chake. Akakitazama muda mrefu, tope limeanza kukauka. Huko nje mbwa wakabweka, kana kwamba nao wana hoja.

"Mwenyekiti," akasema, "naona jambo hili linahitaji utafiti zaidi."

"Hoja nzito," akasema Mwenyekiti kutoka kwenye moshi.

"Utafiti wa kina. Wa muda mrefu."

"Mpaka lini?"

"Nisingependa kuwaharakisha watafiti."

Kwa hiyo ikaamuliwa, bila pingamizi, zamu ibaki ilivyo mpaka utafiti ukamilike. Kwa kadiri ninavyojua, na ninajua kadiri kubwa, hakuna mtafiti aliyeteuliwa. Ila waliamua jambo jingine kabla ya kuondoka, na hili lilipita kwa shangwe: kwamba saa kumi na moja alfajiri si saa ya kibinadamu, na ni marufuku kwa kikao chochote cha Baraza. Mama Birika akauliza kama sentensi hiyo inaweza kutaja na kazi pia. Msajili akamweleza kwa upole kwamba kikao ndicho kinachochosha, si kazi.

Afisa Ushirikishwaji alipata picha yake. Imebandikwa leo katika kila ukuta, juu ya lile bango la zamani: Mwenyekiti anapuliza jiko, Msajili ameshika karai kifuani kama kombe la mpira, na chini yake UONGOZI MASHINANI. Mama Birika naye yumo, ukitazama vizuri. Mkono wake unaonekana pembeni, na kijiko.

Kiti bado anakikalia. Chai anaichemsha kabla, analiacha birika katikati ya meza, kisha anakaa, na hapo wanaanza kutazamana nani atamimina. Sisi jikoni tunahemewa vile vile, kazi ni zile zile, foleni bwaloni haijapungua hata sahani. Lakini shuka la bibi ni kavu kila asubuhi.

Bibi mwenyewe hajaridhika. Nilipopita kumjulia hali juzi nilimkuta dirishani kwake, amenuna.

"Wale vijana wa Baraza," akaniuliza, "mbona hawarudi? Yule wa karai alikuwa ameshaanza kuijua kazi."